Kutembea kwa miguu na twiga Crescent Island: jinsi ya kupanga siku moja ukitokea Nakuru

Ukimwambia mtu wa Nakuru twende tuone wanyama, kitu cha kwanza anafikiria ni parki na gari ya kukodi, watu saba wamejibana ndani wanachungulia dirishani siku nzima. Kumbe hapo Naivasha, kaunti yetu hii hii, kuna kisiwa unashuka kwa boti unaweka mguu kwa nyasi na twiga amesimama hapo mbele yako, hakuna kioo, hakuna dereva wa kukuambia twende. Kinaitwa Crescent Island. Unaenda na kurudi siku hiyo hiyo bila kulipia mahali pa kulala. Lakini kuna watu wanaenda wakifika saa sita mchana, wanachomwa na jua, wanaona swala wawili wamelala mbali chini ya mti, wakirudi wanarushwa na mawimbi mpaka nguo zinalowa, alafu wanakuja kusema huko hakuna kitu. Kitu kiko, tena kingi sana, ila siku ya huko iko yote kwa asubuhi, na vile unatembea ndio inaamua utaona nini.

Kwanza ujue unaenda mahali gani. Hicho kisiwa ni ukingo wa volkeno ya zamani iliyokufa, sehemu kubwa ya ule mdomo wake iko chini ya maji na kipande kilichobaki juu ndio hicho kimejikunja kama mwezi mchanga. Lile ghuba ambalo kinalizunguka ndio sehemu yenye kina kirefu kuliko zote kwa ziwa lote, hapo kwingine Naivasha ni ziwa la maji ya kina kifupi tu. Maji yakiwa chini kisiwa kinaungana na nchi kavu, na kuna wakati watu walikuwa wanaingia kwa miguu na hata kwa gari. 2009 ziwa lilikuwa limerudi nyuma vibaya sana, mwaka uliofuata likaanza kupanda, na kufikia 2020 lilikuwa limemeza mashamba na nyumba, waulize watu wa mtaa wa Kihoto pale Naivasha. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba unaweza kufika kwa barabara, hayo ni maelezo ya wakati mwingine, piga simu kabla hujatoka nyumbani uulize maji yako wapi na boti zinatokea wapi wiki hiyo. Ni hifadhi ya watu binafsi, haiko chini ya KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori, kwa hiyo mambo ya kulipa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen usijisumbue nayo, bei unauliza wenyewe na unauliza pia wanapokea M-Pesa ama pesa taslimu. Na beba kitambulisho, bei ya mwananchi na bei ya mgeni zimeachana mbali.

Sasa kutoka Nakuru. Mpaka Naivasha ni kama kilomita sabini, matatu unapata steji ya kwenda Naivasha tangu alfajiri, pitia Gilgil, mkienda vizuri ni saa moja na kitu. Mimi nasema toka saa kumi na moja na nusu, ikichelewa sana saa kumi na mbili. Najua ni mapema na ni siku yako ya kupumzika, lakini piga hesabu: ufike Naivasha saa moja na nusu, ushike matatu ingine ya barabara ya Moi South Lake inayoenda upande wa Kamere na Kongoni, ushuke mahali boti zinatokea, mkubaliane bei, ni karibu saa mbili na nusu hiyo. Hapo bado jua halijakuwa kali na wanyama bado wanakula. Ukitoka Nakuru saa tatu hutapata hayo. Wikendi ndefu usiniulize, msongamano wa barabara ya Nairobi kuja Nakuru unaujua, nenda katikati ya wiki kama unaweza.

Habari ya boti ndio watu wengi huchanganyikiwa. Kuna pesa ya boti na kuna pesa ya kuingia kisiwani, hizo ni mbili tofauti, mwenye boti akikupa bei nzuri sana uliza kama ameweka na kiingilio ama utakutana nacho ukishafika. Boti nyingi zinakodishwa nzima, si kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa watano ama sita mnagawana na inakuwa rahisi, mkiwa wawili mtaumia kidogo, bora mngoje wengine pale ufukweni mjiunge nao. Maneno ya kukubaliana kabla hujakanyaga boti ni haya: mnaenda na kurudi ama kwenda peke yake, atawangoja ama atarudi saa ngapi, na mnazunguka ziwani muda gani kabla ya kuwashusha. Lipa nusu, ile nusu ingine mkirudi salama. Chukua namba ya simu ya nahodha, umpigie hapo hapo ili uone kweli inaita. Na uwaulize wenye kisiwa pia ni boti gani wanazikubali kushusha watu, usije ukalipa mtu wa ufukweni alafu mkafika mnazungushwa.

Laifu jaketi usikubali hadithi. Ati "ziwa limetulia leo", ati "mimi nimefanya hii kazi miaka kumi". Unavaa, unafunga kamba zote, na mtoto anavaa ile inamtosha, jaketi ya mtu mzima mtoto akianguka majini inamtoka kichwani. Kama hakuna ya kutosha watu wote, shukeni mtafute boti ingine. Mtu akiniuliza hatari ya siku hii iko wapi namwambia iko kwa maji, kule juu kwa nyasi ni salama kuliko. Naivasha inaweza kuwa shwari asubuhi mpaka unaona mlima ndani ya maji, alafu mchana upepo unaamka na ziwa linachafuka kweli kweli, boti ndogo inaruka. Ndio maana nakazania asubuhi, unavuka kumetulia na unajipanga kurudi kabla upepo haujashika nguvu.

Alafu kuna viboko. Mchana wanakaa kwenye maji ya kina kifupi karibu na mafunjo, utaona masikio na pua tu, na wakizama wanaweza kukaa huko chini dakika tano. Nahodha mzuri anapunguza injini, anakaa mbali, na hapiti katikati ya kiboko na maji marefu kwa sababu huko ndio kiboko hukimbilia akishtuka. Akifungua mdomo wazi vile usidhani anapiga miayo, anawaonya. Abiria wengine ndio wabaya, wanamsukuma nahodha "songa kidogo nipige picha". Muache afanye kazi yake.

Njia yenyewe ya majini ni nusu ya safari, usiipitishe ukiangalia simu. Maji yalipopanda yaliua migunga mingi sana ya ufukweni, sasa imesimama mikavu ndani ya ziwa, na kwa matawi yake ndege wa mnandi wamejaa, mti mzima umekuwa mweupe kwa mavi yao. Utawaona wamenyoosha mabawa pande zote mbili hawasogei, wanakausha manyoya, sababu manyoya ya mnandi yanaloa maji akizamia samaki. Mdiria yule mweusi na mweupe anasimama hewani mahali pamoja akipiga mabawa haraka haraka, kichwa hakitikisiki kabisa, alafu anadondoka majini. Furukombe, yule tai mla samaki, utamsikia kabla hujamwona, anarusha kichwa nyuma na kulia kwa nguvu, mara nyingi wako wawili wanajibizana, jike ndio mkubwa. Ukiona mmoja ana michirizi ya kahawia na hana kile kichwa cheupe safi, huyo bado ni kijana. Kuna manahodha wanarusha samaki majini na kupiga mluzi ili furukombe ashuke mpige picha. Mimi nikiwa kwa boti naomba wasirushe, napenda zaidi kumngoja avue mwenyewe, na asubuhi mapema huwa hungoji sana. Oktoba mpaka Machi hivi kuna pia ndege waliokuja kutoka Ulaya kukimbia baridi, kwa hiyo kama ndege ndio shida yako, hiyo ndio miezi ya kwenda.

Vya kubeba ni vichache. Maji ya kunywa ya kutosha, mimi nahesabu lita moja na nusu kwa mtu, na chakula chenu, mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi, chupa ya chai, sababu ukishashuka kule hakuna kibanda cha kununua soda. Kofia yenye ukingo. Uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, upepo wa ziwa unakudanganya ni baridi na huku ngozi inaungua. Viatu ni raba zenye meno chini ama buti, nyasi zina miiba ya migunga na asubuhi kuna umande, kandambili acha nyumbani. Suruali ndefu. Nguo ya rangi ya majani ama kahawia, ile nyeupe kabisa inawashtua wanyama ukiwa mbali bado. Jaketi ya mvua hata kama ni Januari, itakusaidia kwa boti. Na kama una mtu wa kuazima darubini, azima. Hapo kuna kitu wengi hawajui, simu yako ukiiweka kamera yake sawasawa kwenye tundu la darubini inapiga picha nzuri kuliko ukivuta kwa vidole mpaka twiga anakuwa madoa matupu, shida ni mkono kutulia tu, egemea mti.

Haya, mmeshuka. Kabla hamjaanza kutembea uliza wanaokaa pale kama kuna kiboko ameonekana kwa nyasi asubuhi hiyo na upande gani. Kiboko hutoka majini jioni kula nyasi, anakula kilo karibu arobaini usiku mmoja, na kawaida alfajiri amesharudi, lakini siku ya mawingu na baridi anaweza kuchelewa huko juu. Njia yake utaitambua: ni mifereji miwili sambamba na tuta la nyasi katikati, sababu miguu yake ya kushoto na ya kulia imeachana na tumbo linapita juu ya hilo tuta. Ukiona njia kama hiyo inaingia kwa mafunjo, usisimame hapo, usile hapo, usipige selfi hapo. Na popote ulipo usiwe katikati ya kiboko na maji. Chatu pia wako huko, hawana sumu na wanapenda kujificha, we angalia tu mahali unakanyaga na usiingize mkono kwa mashimo.

Kutembea kwenyewe sasa. Wanyama wa pale wamezoea watu wa miguu na hakuna simba, ndio maana inawezekana, lakini kuzoea si kufugwa. Ukimwona twiga usimwendee moja kwa moja. Nenda kwa upande, kama unapita tu na shughuli zako, hatua chache, simama, angalia kingine, hatua chache tena. Mnyama akiinua kichwa na kukukazia macho, hapo simama. Akirudi kula, endelea kidogo. Akianza kusogea, umeshapita kiasi, rudi nyuma. Hiyo ndio sheria yangu moja: akibadilisha alichokuwa anafanya kwa ajili yako, uko karibu mno. Twiga ana teke la kuua simba, na mama mwenye mtoto hana subira, kwa hiyo usiwahi kuingia kati ya mama na mtoto hata kama nafasi inaonekana kubwa. Mkiwa kundi tembeeni mmekaa pamoja, mkitawanyika huku na huku mnawazingira bila kujua na wanatoroka wote. Muziki wa simu zima. Kuongea mnaweza, sauti ya chini.

Kisha fanya kile karibu hakuna mtu anafanya, kaa chini. Tafuta mgunga wenye kivuli, angalia hakuna siafu, kaa nusu saa. Wale waliokuwa wamesogea watarudi. Ukimpata twiga amesimama anacheua, angalia shingo yake: unaona kabisa donge linapanda kutoka chini mpaka juu, linafika mdomoni, anatafuna kwa upande upande taratibu, anameza, linashuka, kimya kidogo, alafu lingine linapanda. Unaweza kukaa hapo unahesabu. Angalia na pembe zake zile fupi, zenye upara juu ni dume, sababu wanapigana kwa vichwa nywele zinaisha, zenye kishungi cha nywele nyeusi ni jike. Ulimi ukitoka kuchukua majani katikati ya miiba utaona ni mweusi na ni mrefu, karibu sentimita 45.

Punda milia na nyumbu utawakuta wanakula pamoja na hawagombani, punda milia anakata nyasi ndefu ngumu za juu na nyumbu anafuata zile fupi laini. Dume la nyumbu utalisikia linaguna, lina eneo lake na linalilinda, pita mbali kidogo. Swala wadogo watu huwaita wote swala basi, lakini swala tomi ana ule mstari mweusi mzito ubavuni na mkia hautulii, granti ni mkubwa zaidi na weupe wa matakoni unapanda mpaka juu ya mkia. Kuro ni yule mwenye manyoya marefu na baka kubwa jeupe nyuma, anakaa karibu na maji, na upepo ukija kwako kutoka kwake utamnusa, ana mafuta kwa ngozi yenye harufu kali. Digidigi yuko kwa vichaka, wawili wawili, na ukikuta rundo la mavi madogo madogo mahali pamoja hiyo ni mipaka yao wanaweka. Tumbili ndio wezi, chakula kikae ndani ya begi limefungwa zipu, na usiwape hata ganda la ndizi, wakizoea kupewa wanaanza kunyang'anya watoto.

Jua likianza kupanda, kama saa nne hivi, panda mgongo wa kisiwa mpaka juu. Mlima si mkali. Kutoka pale unaona lile ghuba la volkeno lote vile limejikunja, Longonot kusini mashariki na mdomo wake uliovunjika vunjika, na mashariki milima ya Nyandarua. Hapo ndio mahali pa kula. Takataka zote zinarudi na nyinyi, hata maganda ya mayai. Baada ya hapo mmeshaona mengi ya siku, shukeni taratibu kwa upande mwingine mkipitia ufukweni.

Na watoto? Wa miaka sita kuendelea wanaweza vizuri, wadogo zaidi watachoka na watapiga kelele na hawana makosa. Kabla hamjafika mwambie mtoto kabisa kwamba hakimbii kuelekea mnyama na hakimbii kutoka kwa mnyama. Mpe yeye darubini, atatembea mbali bila kulalamika. Wazee wanaopenda kutembea polepole waleteni, hiyo mwendo yao ndio inafaa pale kuliko sisi wa haraka, ila kushuka kwa boti washikwe mkono, na mwambie nahodha azime injini kwanza.

Mpigie nahodha mapema, kama nusu saa kabla hamjataka kutoka, mkivuka saa sita ama saa saba mko sawa. Ukikuta ziwa limeshachafuka na mawimbi yana povu jeupe, ngojeni. Mna maji, mna kivuli, hakuna haraka ya Nakuru inayolingana na hiyo. Mkivuka kwa mawimbi kaeni chini ndani ya boti, uzito usawazishwe, hakuna kusimama kupiga video. Wakati mwingine gugu maji nalo linakuwa limesukumwa na upepo na kufunga mahali mlitokea asubuhi, nahodha atazunguka kutafuta njia, inaweza kuchukua muda, muwe mmeacha nafasi hiyo kwa ratiba yenu.

Jioni matatu za kurudi Nakuru ziko, ila Jumapili zinajaa na nauli inapanda, ukiweza uwe steji Naivasha kabla ya saa kumi na moja. Msimu wa mvua ndefu, Machi mpaka Mei, kunakuwa na matope na nyasi ni ndefu, wanyama wadogo huwaoni vizuri, lakini kijani yake ni nzuri sana na watu ni wachache, mimi ningeenda bado.

Kwa walio Kisumu, Naivasha ni mbali kwa siku moja, usijitese. Nyinyi mna Ndere, hicho kisiwa kiko ghuba la Winam upande wa Seme, ni hifadhi ya taifa tangu 1986, kilomita za mraba 4.2 tu. Huko ni KWS, kwa hiyo malipo ni ya eCitizen na mlipe kabla hamjafika. Wanyama ni tofauti, kuna swala pala na punda milia na ndege wengi, lakini majini kuna mamba pamoja na viboko, kwa hiyo habari ya kukaa ufukweni kula chakula ifute kabisa, na hata kunawa mikono ziwani usinawe. Mengine yote niliyosema ya boti, ya laifu jaketi na ya kuvuka asubuhi yanafanya kazi huko vile vile, ziwa Victoria likichafuka mchana ni kali kuliko Naivasha.